Kioo cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimechapa harufu. Kadi mia mbili, karatasi nene, maandishi ya dhahabu: "Tunayo furaha kukualika kwenye harufu ya binti yetu mpendwa." Harufu! Badala ya harusi! Mteja mwenyewe, baba wa bi harusi, kasimama kaunta akaisoma kwa sauti, taratibu, neno kwa neno, mpaka fundi wa mashine akatoka nje kwenda kucheka. Fundi huyo tunamwita Wino, maana mikono yake haijawahi kutakata. Mimi sikucheka. Bosi kamwomba mteja radhi, kadi zinarudiwa bure, halafu akaniita ofisini akafunga mlango. Miaka kumi na tisa napanga maandishi pale, mlango ule haujawahi kufungwa kwa ajili yangu.

Nimemwambia ukweli. Kioo cha kompyuta yangu kimechoka. Kona ya chini, kushoto, kina ukungu, maneno yanafifia. Tangu mwaka jana nasema! Akajibu sawa, katafute kingine, ila cha bei ya chini. Halafu akagusia kitabu cha mahafali ya chuo, majina mia sita, kinachoingia mashineni Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Likiharibika jina hata moja, kiti changu anampa mtu mwingine. Hakupandisha sauti. Ndiyo maana nimeogopa.

Jumanne, 4 Machi

Mchana kwa Bei Poa, muuza kompyuta wa jengo la pili. Anaongea bila kituo.

Anacho kikubwa, inchi ishirini na saba. Kipana kama meza ya kupigia pasi, lakini herufi zake zina miba, na ukisogea pembeni kidogo tu rangi zinapauka. Anacho kilichotumika, kimetoka ofisi iliyofungwa. Rangi safi, nyekundu ni nyekundu kweli, ila kina mkwaruzo katikati na hakina garantii. Halafu kipo cha inchi ishirini na nne, kipya, kwenye kasha lake. Herufi kali. Hakimeti dirisha likiwa nyuma yako. Ubaya wake: mguu hauinuki, itabidi nikiweke juu ya rimu mbili za karatasi, na nyeusi yake ni kijivu kinachojitahidi. Nimesimama pale nusu saa nazunguka kama mtu anayechagua mchumba. Mwisho nikajiambia kazi yangu sasa ni majina, si picha. Herufi kwanza. Nimechukua cha ishirini na nne.

Nyumbani Mama kauliza nimechelewa wapi. Nikamsimulia habari za kioo na ule ukungu. Mama macho yake yalikwisha miaka minane iliyopita. Alikuwa mshonaji, na kabla hayajaisha alipigana na balbu mwaka mzima. Balbu gani hizi! Anafungua, anatia nyingine, mbovu anatupa kwenye boksi. Boksi bado lipo kabatini. Nazitumia mpaka leo, zote zinawaka.

Alhamisi, 6 Machi

Raha! Kioo kinang'aa, herufi zimesimama wima. Nimepanga majina mia mbili bila kuinua kichwa. Rimu mbili chini yake, kimo sawasawa. Wino kapita, kasema sasa naonekana bosi. Nimemtupia kifutio.

Jumatatu, 10 Machi

Ukungu umerudi.

Kona ileile. Nimefuta kwa kitambaa, nimezima na kuwasha, nimepunguza mwanga, nimeongeza, nimebadilisha waya. Siku nne tu! Huyo Bei Poa kaniuzia mzoga.

Kabla ya kufunga, Wino kaja na prufu, nakala ya kusahihishia, ya kurasa za kwanza, kalamu nyekundu sikioni. Kanionyesha. Makosa kumi na moja. Herufi zimedondoka, jina moja halina mwanzo kabisa. Yote safu ya kushoto, ya kulia haina hata moja. Nikamwambia si unaona, kioo hicho! Akawa anajifuta vidole. Kisha akasema polepole:

"Lakini zile prufu za kadi ulizisoma kwenye karatasi. Ukasaini mwenyewe."

Nimemjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Hata wanafunzi wa uchapaji hawaongei hivyo. Kachukua prufu zake akarudi kwenye mashine yake.

Jumatano, 12 Machi

Sijasema na Wino siku mbili. Chai kaniwekea mezani kama kawaida, kaiweka upande wa kushoto, sikuiona, nimeipiga kiwiko ikamwagika kwenye kibodi. Wakanikimbilia wote na matambara. Nimesema ni haraka zangu. Nina haraka, ndiyo, majina mia mbili bado.

Nina hasira na kila mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudisha kioo. Bei Poa kakiwasha, kaweka ukurasa mweupe mtupu, kasogeza pua mpaka karibu aguse. "Dada, hiki hakina kitu." Nikamwambia aweke kingine pembeni. Akaweka. Akaweka na cha tatu. Vyote vina ukungu, vyote kona ileile. Nikasema basi kiwanda kizima ni kibovu, mzigo mmoja huo, wamewapiga na nyinyi. Nikageuka nimwonyeshe kwa kidole, na ule ukungu nao ukageuka. Ukatua ukutani, kwenye kalenda yake, kwenye tarehe za wiki ya mwisho.

Nikashusha kidole. Bei Poa kanibadilishia bila kubishana, mtu ambaye hubishana hata na kikokotoo chake! Kanifungia kasha vizuri kwa kamba, akalibeba mpaka mlangoni, akaniambia dada, hapo pana ngazi. Ngazi nazijua. Napita pale kila siku.

Kioo kipya nimekileta nyumbani, nikijaribu leo na kesho, maana Jumatatu kitabu kinaingia mashineni. Bosi kaomba nikague majina yote mara ya mwisho mimi mwenyewe. Kanipa karatasi zote, fungu zima.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi. Mama kagonga kasha kwa mguu akipita kwenda uani. Kainama, kalipapasa pande zote.

Kauliza hiki cha ngapi. Nikasema cha tatu, ukihesabu na kile cha zamani. Kavuta kiti, kakaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana. Nikadhani atanikemea kwa kusumbua watu.

"Upande gani?" kauliza.

Nikasema upande gani wa nini, Mama. Kanyoosha mkono, kanitafuta uso, akaniziba jicho la kulia kwa kiganja. Kiganja cha mshonaji, bado kigumu kwenye vidole. Akasema nimsomee kasha.

Nikamsomea. Inchi ishirini na nne. Beba kwa uangalifu. Upande huu juu. Sikukosea hata herufi moja. Kasha nimelikumbatia tangu dukani, maneno yake yote ninayo kichwani.

Mama hakutoa mkono. Kasema na yeye ule ubao wa herufi wa daktari alikuwa anaukariri akiwa kwenye foleni, anasikiliza wenzake wakisoma, zamu yake ikifika anamwaga yote kama maji. Mara tatu kamdanganya daktari. Mara ya nne hapakuwa na cha kuokoa. Haya hajawahi kuniambia. Miaka minane naishi naye!

"Sasa lete hayo majina ya watoto wa watu," akasema. "Fungua popote."

Nikasema naleta. Nimeingia chumbani, nimekaa kitandani, fungu la karatasi liko mapajani na daftari hili juu yake. Naandika ili nisitoke.

Nimefungua kurasa za mwaka jana. Mwandiko wangu ulikuwa unaanzia kwenye ule mstari mwekundu wa pembeni. Mwezi wa kumi umesogea mbali nao kidogo. Januari vidole viwili. Leo vidole vinne, na mimi nilikuwa najiona naanzia palepale.

Naogopa. Nimeliandika.

Mama kaniita mara moja. Sasa haiti tena, ila kiti sijakisikia kikisogea. Nimejiziba jicho la kulia mwenyewe. Ukurasa wa kwanza, safu ya kushoto, jina la kwanza linaanza na