Kadi ya Kwanza ni ya Ganesh

Jumapili, 10 Novemba

Kadi za harusi zimetoka! Nyekundu, mungu wetu Ganesh juu, na kichwa chake cha tembo, kwa rangi ya dhahabu. Chini yake: Sugna, yaani mimi, na Hajari. Mwenye shughuli — mimi mwenyewe. Mpiga chapa aliuliza baba yuko wapi. Kafa. Kaka? Sina. Akachapa huku anaguna.

Nyumbani kimenuka. Shemeji Prabhu, mdogo wa marehemu mume wangu, anataka kunirithi. Shuka ameshanunua: atanitupia begani mbele ya mashahidi, basi, nimekuwa mkewe. Kama ng'ombe wa marehemu! Nimemwambia shuka hilo alilalie mwenyewe. Mama mkwe hakucheka, ila alivuta ushungi usoni upesi mno.

Lakini kadi ya kwanza ni ya Ganesh; akishaalikwa yeye, harusi haivunjwi na mtu. Hata Prabhu hathubutu. Jumatano, siku yake, nampelekea kadi hekaluni kwake, kule ngomeni, mkono kwa mkono.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimefanya ujinga! Furaha ilinizidi, jana jioni nikampa kadi shangazi yake Hajari. Kabla ya Ganesh! Leo kairudisha, kaishika kwa ncha ya ushungi.

"We mwanamke, unamruka Ganesh? Unataka bwana harusi avunjike mguu?"

Nimeomba radhi mpaka koo limekauka. Kijiji kizima kinajua. Prabhu anatembea kifua mbele — eti Ganesh amechukia, sina budi kukubali shuka. Nimelia. Kwa hasira, si kwa hofu. Haya, na hofu kidogo.

Hajari katuma ujumbe kutoka jikoni kwake, kule hoteli ya watalii: "Mguu wangu mzima. Nenda."

Jumatano, 13 Novemba

Nimepaka kadi manjano kwenye pembe zote nne. Jeep ya mahujaji ilijaa, tukaingia hifadhi ya wanyama inayozunguka ngome. Hatujafika mbali, kumbe chui milia kalala katikati ya barabara! Jike, kashiba, hana habari na mtu. Magari yakapanga foleni. Mimi nikashuka.

Askari wa wanyama akafoka: "Mama, rudi kwenye gari!"

"Mwambie yeye arudi kwao, mimi nina harusi."

"Hapa ndipo kwao!"

Watu wakaangua kicheko. Nilirudi garini. Na nilipogeuka nikamwona Prabhu kwenye jeep ya nyuma yetu, shuka kwapani. Kaja kunitupia huku huku, mbele ya Ganesh na umati wote! Mashahidi wasio na idadi!

Chui alipoondoka tulipanda ngazi za ngome. Mimi mbio, Prabhu nyuma, na tumbo lake. Nyani kampora ladu zake zote, vitamu vya sadaka — asante, nyani.

Sasa nipo mlangoni kwa Ganesh, naandika nimesimama. Kuhani ndiye anayemsomea kadi. Kuhani amekwenda kula! Magunia ya kadi za watu yamejaa pale, yote yanamngoja. Bibi mmoja kaniambia nitulie, kuhani anakula taratibu, hana meno.

Prabhu kafika. Anahema, hawezi hata kunitukana. Anakunjua shuka. Ni la kijani — hata rangi hakuniuliza!

Kusoma najua, kadi namsomea Ganesh mimi. Kalamu naiweka. Naanza na jina la mwenye shughuli, kwa sauti, aninyamazishe anayeweza.