Msikitengeneze Kile Kimashine

Kasikeu, 9 Machi 1997

Mpwa wangu Mutinda,

Mvua imekataa na mbuzi wamemaliza kunde, lakini siyo sababu ya barua hii.

Juzi wewe na mkubwa wako wa kazi mlileta kanisani kimashine cha kutambua damu iliyovuja kichwani, mkakijaribu kwa watu wenye afya. Kilipolia juu ya sikio la kushoto la mke wangu Kaluki, mkubwa wako alisema kimeharibika, kwa kuwa mama huyu anatembea na kuongea vizuri. Kaluki akatania, “Kichwa hiki kina kasoro tangu kilipokubali kuolewa na mwalimu.” Mkacheka wote, mkakifunga sandukuni. Hakuna aliyeuliza kwa nini siku hizo alikuwa akimwaga chai.

Leo mkono wake wa kulia umelegea na maneno yake hayaeleweki. Daktari wa hapa anashuku kiharusi, ila hataki kuanza tiba kabla ya picha ya kichwa inayopigwa Nairobi, na gari la hospitali ni bovu.

Barua hii nampa Daud, dereva wa lori la mbuzi, akuletee huko Kitui. Ukiisoma, njooni kwa gari lenu mumchukue Kaluki.

Na umwambie mkubwa wako asikitengeneze kile kimashine. Akilete kilivyo.

Mjomba wako anayesubiri barabarani,
Yoeli Nzioka