Nguzo ya Lugembe Kando ya Mlango

Shikamoo mshauri. Nakuandikia kutoka Cheyo, hapa Tabora mjini, kwa sababu sijui pa kulipeleka jambo hili bila kuonekana mke mbaya. Mume wangu Lugembe alifariki mwaka jana, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kibaraza cha mbele, nguzo mbili za mkaratusi za kubeba paa lake, alizozibana ukutani kila upande wa mlango, akazichimbia ardhini na kuziziba kwa saruji pande zote ili maji yasipenye, na mama yake, Mama Nyamizi, kila siku hukaa ameegemea ile ya kushoto, hapo ndipo anapopokea wageni. Mwezi uliopita niliona udongo wa mchwa kwenye nguzo hiyo, nikachokoa kwa kisu kikazama chote, nikaogopa, nikaziba tundu kwa saruji na kupaka rangi kabla mama hajarudi kutoka kanisani. Kisha nikamwita fundi Masanja, akaigonga chini, akaniambia, "Mama Shukrani, hii inasimama kwa mazoea tu." Nilipomwambia mama tuibadilishe, alinitazama. "Mkono wa mwanangu ule. Umeshachoka kumwona?" Sasa mawingu yameanza kukusanyika, na kila asubuhi nasogeza kiti chake kidogo, naye anakirudisha. Sitaki kumvunja moyo, wala sitaki kumzika. Nifanye nini?

Advera

Advera, pole kwa msiba. Ila mama mkwe wako hajakataa ukweli, hajauona. Wewe uliuziba kwa saruji ukaupaka rangi, kisha ukataka aamini maneno yako kuliko nguzo inayong'aa. Hata mimi ningekukatalia.

Leo, kabla hajatoa kiti, simamisha mirunda miwili chini ya boriti ishikilie paa. Haigusi kazi ya Lugembe, kwa hiyo usiombe ruhusa. Kisha bandua saruji yako mbele ya mama, umwambie ni wewe uliyeziba, na umpe kisu achokoe mwenyewe.

Kosa la Lugembe hufanywa na wengi. Maji yaliingia kwa juu yakakosa pa kutokea, mti ukakaa na unyevu, na mchwa wakapanda kutoka ardhini bila kuonekana. Masanja asilirudie. Achokoe kutoka chini mpaka afike kwenye mti mgumu, akate hapo, apake dawa ya mchwa, hasa kwenye mkato, na aache ikauke. Chini ajenge kitako cha zege kilichoinuka juu ya sakafu, na mti ukae juu ya kikalio cha chuma, usiguse zege. Ukutani afunge kwa bolti, na kati ya mti na tofali aweke vipande vya bomba la chuma ili pabaki upenyo wa kidole. Upepo utapita, na mchwa wakija utawaona. Upenyo huo usizibwe kwa lipu, hata kama unaonekana vibaya. Juu ya nguzo liwekwe bati lililokunjwa, ukingo wake wa nyuma uingie ukutani.

Hali ya nguzo ya kulia hukuitaja. Ichokoe pia.

Mama akikataa hata baada ya kuona, mwite fundi hivyo hivyo. Atakukasirikia, na utaishi na hasira yake. Lakini mweleze kwamba sehemu ya juu, ile aliyoisimamisha Lugembe, inarudi mahali pake. Mwambie hivyo kisu kikishazama, si kabla.