Gawio Si Bonasi ya Chai

Mama Kipkirui,

Mkebe wa maziwa uko mlangoni, upelekwe mapema. Kompyuta msiizime. Chepkurui ameenda Kabianga, akirudi atamaliza kurekebisha hesabu zangu.

Irungu atakuja saa nne na yule ng'ombe wa gredi. Pesa za kumlipa hakuna. Usikasirike kabla ya kumaliza kusoma.

Asubuhi ukiwa kisimani, Chepkurui alitazama ile programu ya hesabu akacheka. "Baba, hii si bonasi ya chai!" Kumbe ule mfuko wa uwekezaji Kipkirui aliotuwekea pesa, ukitoa gawio, yaani faida ya kila mwezi, unalitumia kutununulia vipande vingine vya mfuko huo huo. Mimi nimekuwa nikiandika kwamba gawio limefika mkononi, kama bonasi tunayolipwa na kiwanda cha chai. Ndiyo maana programu ilionyesha vipande, halafu ikaonyesha na pesa taslimu, na pesa ni zile zile, zimehesabiwa mara mbili. Hizo taslimu ndizo nilizomwahidi Irungu.

Nikamwambia, "Kompyuta haikosei."

"Haikosei, Baba. Imekuamini tu."

Vipande haviuzwi bila sahihi ya Kipkirui, naye yuko Amerika. Irungu naye amemkatalia mnunuzi wa Sotik kwa sababu ya neno langu. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki.

~~Mwambie nimelazwa hospitali ya Kapkatet.~~

Hapana, usimwambie hivyo. Nimeenda kumngoja njia panda nimwambie mwenyewe. Ng'ombe akishashushwa hapa nyumbani na majirani wakaja kumtazama, najijua, sitaweza kusema.

Baba Kipkirui