Mama Ameacha Sukari

Jumatano, 4 Juni
Nimepepeta maharage, nimempa Mama chai, nimerudi kwenye tasnifu. Likizo gani hii! Mama anapumzika baada ya dozi ya pili ya dawa za saratani ya titi, hana kazi, basi ananihoji: unaandika nini hasa? Nikaichukua msumarini ngata yake, ile pete ya kitambaa ya kubebea mizigo kichwani. RNA ni maagizo ndani ya seli, nikamwambia. Nyingi ni kama uzi, zina ncha, na hutafunwa kuanzia nchani. Hizi ninazosoma mimi ni duara kama ngata. Hazina ncha, hazitafuniki upesi. Baadhi yake huusukuma uvimbe ukue, usambae, ufakamie sukari. Mama akaitikia kwa kichwa. Nilijiona profesa wa kijiji kizima cha Ntobeye.

Jumamosi, 7 Juni
Mama anakunywa chai bila sukari. Ndizi mbivu hagusi. Uji pia. Anasingizia tumbo. Simwamini.

Alhamisi, 12 Juni
Kliniki. Kilo tatu zimepotea. Nesi kasema wazi: zisiporudi, dozi ya tarehe 26 itaahirishwa. Njiani Mama akajitapa kwamba anaunyima uvimbe sukari, ufe njaa. Si mimi niliyemfundisha? Nimemshindisha mama yangu njaa kwa mhadhara wa dakika tano. Naogopa. Najichukia pia.

Ijumaa, 13 Juni
Mhadhara wa pili, huu kwa unyenyekevu. Usipokula, mwili hujitengenezea sukari kwa kuyeyusha nyama yako mwenyewe. Uvimbe unapata fungu lake, wewe unabaki mifupa. Mama alimenya ndizi. Mwishowe akasema, "Kumbe mgeni mlafi hafukuzwi kwa kuwanyima watoto chakula." Miaka miwili naitafuta sentensi hiyo, yeye kaipata akimenya ndizi! Tumekula ndizi na maharage. Kaongeza.

Jumatano, 18 Juni
Parachichi. Mayai. Uji wa maziwa, na sukari kijiko kimoja. Kanigombeza kwamba mboga haina chumvi. Raha tupu.

Alhamisi, 26 Juni
Mizani! Mama kapanda na vitenge vitatu kiunoni, mjanja. Nesi akamvua kimoja kimoja huku anacheka. Hata hivyo zimerudi kilo mbili na nusu. Zinatosha. Dozi kapewa. Nimecheza mbele ya foleni nzima na viatu mkononi, sina aibu hata kidogo.

Jumapili, 29 Juni
Misa ya mavuno. Dawa zimemchosha Mama, alikaa benchi la nyuma. Kikapu cha maharage nilikibeba mimi. Ngata aliniwekea yeye, akairekebisha mara mbili.

Mchana alikula ndizi mbivu polepole, maganda akampa mbuzi. Akauliza sura ya nne ya tasnifu inahusu nini. Nikamwambia tumalize kwanza kula.