Tone Ndani ya Jiwe la Jilala

Dodoma

Mayu wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku tu. Nimefurahi kusikia mpunga umeshika vizuri. Barua hii isome mwenyewe, kabla baba hajarudi kutoka mnadani.

Jiwe mlilolikuta mkononi mwa Jilala, duara la machimbo lilipomfukia kule Geita, limenifikia. Uliniuliza kama lina hiyo dhahabu iliyomtoa roho mdogo wangu.

Kazi yangu maabara unaijua. Natazama mawe meupe kama hilo, yaliyochimbuliwa Wembere, nikitafuta njia iliyopitwa zamani na mafuta ya ardhini. Jiwe lilipasuka, mafuta yakapita kwenye ufa, kisha ufa ukajifunga na kubakiza tone. Mafuta yalishakwenda zake, lakini tone nikilimulika kwa taa ya zambarau linang'aa, nami najua yalipita hapo.

La Jilala nilitazama kipande kilichomeguka pembeni. Mafuta hakuna. Kuna tone la maji, na ndani yake kipovu kinachochezacheza, hakitulii. Wenzangu walikwenda kula, mimi nikabaki nalia kwenye darubini.

Likiingia kwenye karasha, mayu, litasagwa unga na tone litapotea, tusibaki na alama kwamba Jilala alipita.

Jiwe analileta Edson, mwenzangu wa kazini, pamoja na barua hii. Baba akitaka kulipeleka likasagwe, mwambie Milembe amelitazama mwenyewe, halina dhahabu hata chembe.

Wewe usiniulize tena. Lifunge tu kwenye pindo la khanga yako.

Mwanao,
Milembe