Wingu la Vyumba Vinane

Jumatatu, 3 Machi
Amekubali! Bwana Subiri amekubali! Ni mkuu wetu wa kitengo. Jina nimempa mimi kimoyomoyo, maana miezi saba kila nikimpelekea mpango wangu jibu ni subiri kwanza. Leo kasema, haya, gawa. Nikaenda chooni nikacheza mbele ya kioo. Mhasibu akaingia. Nikajifanya nanyoosha mgongo.

Kilichomlainisha ni Alhamisi iliyopita. Kliniki moja ilipandisha picha za eksirei za miaka kumi kwa mkupuo, na kliniki zote mia tatu na ishirini tunazozihudumia zikaganda. Zote! Kwa sababu zote zimerundikwa kwenye mfumo mmoja — mmoja akizidisha mzigo, wote wanapiga magoti. Sasa seva zetu za kukodi, wingu kama tunavyoliita, tunazigawa vyumba vinane. Kila chumba na seva zake, kanzidata yake ya kuhifadhi kumbukumbu, kliniki zake arobaini. Kimoja kikianguka, saba havina habari.

Jumatano, 5 Machi
Nimemweleza dada yangu. Ni muuguzi wa chanjo katika kliniki mojawapo, kwa hiyo mfumo ukilala anayetukanwa ni mimi. Alinisikiliza huku anakatakata vitunguu. Akauliza: kwa hiyo zamani mlikuwa mnatuua wote kwa pamoja, sasa mtatuua kwa zamu?

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kweli ndivyo! Ndivyo hasa! Miezi saba ya michoro, na yeye kaimaliza kwa kisu na kitunguu.

Jumanne, 11 Machi
Kliniki arobaini za kwanza zimehama! Saa nne asubuhi, watu wako kazini, na hakuna aliyeshtuka. Mimi na Mama Kanzidata, mtunza data wetu, tulikuwa tumeshika pumzi kama wezi. Nikapiga simu mapokezi ya kliniki moja: mnaona tofauti yoyote leo? Yule dada wa mapokezi akasema, tofauti ya nini?

Tofauti ya nini! Sijawahi kuambiwa neno tamu namna hiyo. Mama Kanzidata akatabasamu. Miaka minne nafanya naye kazi, sikujua ana mwanya.

Ijumaa, 14 Machi
Vyumba sita tayari. Naimba kwenye lifti. Watu wanashuka kabla ya ghorofa yao.

Jumatatu, 17 Machi
VYOTE VINANE. Bwana Subiri kaleta keki, kakata mwenyewe vipande vinane, akaniangalia kuona kama nimeelewa. Nimeelewa! Tulikuwa watu kumi na mmoja. Watatu wamelamba kisu.

Jumatano, 19 Machi
Saa tatu na dakika kumi asubuhi chumba cha tano kimezimika. Puu. Macho yote kwenye skrini kubwa ya ukutani: kimoja chekundu, saba kijani. Kijani kibichi! Kliniki mia mbili na themanini zinaendelea kana kwamba hakuna kitu. Ofisi nzima imesimama, makofi — na mimi nikapiga, meno yote nje.

Simu. Dada.

"Huku kumekufa! Nina kina mama ishirini na sita hapa, sioni kadi hata moja!"

"Ni nyinyi tu!" nikamwambia, na nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe. "Chumba chenu tu! Wengine wote salama!"



"Tu?" akasema. Akakata.

Mikono ikanishuka. Wengine bado wanapiga makofi.

Mama Kanzidata anasema nakala ya data ya chumba hicho ipo, tunaweza kuifungulia kwenye seva mpya, dakika ishirini. Ila ni ya saa tatu na dakika tano. Dakika tano za mwisho hazimo. Mtoto aliyechanjwa ndani ya dakika hizo, kadi itasema bado hajachanjwa, na anaweza kuchomwa mara ya pili.

Bwana Subiri kaniuliza mimi, mbele ya watu wote: tufungue? Nikasema fungueni. Nikampigia dada kabla sijaogopa. Nisamehe, nikamwambia, usishike sindano kwanza, niambie kuanzia saa tatu na dakika tano umechanja wangapi. Akawaza. Watatu. Majina? Hayakumbuki, yalikuwa kwenye kompyuta. Nyuso anazikumbuka.

Nimemweka kwenye spika. Naandika hapa huku nasikiliza. Ofisini kila mtu anaisikiliza kliniki — viti vinaburutwa, mtoto analia, dada anapita katikati ya watu kwa ile sauti yake ya kazini. Wa kwanza kampata, bado kakaa karibu na mlango. Jina kamtajia Mama Kanzidata, limeandikwa. Wa pili alikuwa anamvalisha mtoto soksi. Limeandikwa.

Kwenye skrini, mstari wa kijani wa kufungua nakala umefika asilimia sitini na mbili.

Wa tatu ni mama wa mtoto mwenye kofia ya njano. Dada anauliza nani kamwona. Mtu anasema ametoka sasa hivi. Nasikia simu inawekwa mezani, halafu viatu vya dada — anakimbia —